Sauti Iliyomtoa Nambari Nne

Duka la fundi simu lilikuwa na upana wa kitanda, na mchana ule lilikuwa na watu wa kujaza basi. Kila mtu ameshika simu yake kama mtu aliyeleta mgonjwa. Fundi, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua, alikuwa anachokonoa kitu kwa bisibisi nyembamba na kumjibu kila mmoja neno lile lile, bado kidogo.

Katikati ya zogo hilo sauti ya mwanamke ikauliza kutoka mlangoni, "Samahani, nani wa mwisho hapa?"

Mwanamume mmoja mrefu, mwenye suruali ya michezo na ndara juu ya soksi, aligeuka kwa kasi mpaka akampiga kumbo mzee aliyesimama kando yake. Sauti ile aliijua. Misimu mingi alikuwa ameisikia ikishuka kutoka juu, ikipita juu ya vichwa vya maelfu ya watu, ikimtaja. Uso wake ndio hakuwahi kuuona, maana kibanda cha mtangazaji pale uwanjani kiko juu kabisa ya jukwaa kuu na kioo chake ni cheusi.

Sasa uso ndio huu. Mwanamke wa maji ya kunde, blauzi ya manjano imepigwa pasi mpaka mikono imesimama, sketi nyeusi ya kazini, nywele zimesukwa zikalala nyuma kwa utulivu.

"Wa mwisho ni mimi," yule mwanamume akasema. "Lakini kwanza sema nambari nne."

"Niseme nini?"

"Nambari nne. Kama unavyosema siku ya mechi."

Mwanamke akamtazama kuanzia ndara mpaka kichwani, halafu akaelewa, akacheka. Akaivuta ile sauti kutoka tumboni, nambari nneee, na duka zima likageuka kana kwamba timu imeingia.

"Kumbe ndiye wewe," mwanamume akasema.

"Na wewe ndiye Ukuta. Nilidhani ni mpana zaidi. Ukitazamwa kutoka juu unaonekana kama kabati."

"Kabati?"

"La milango miwili. Mmoja haufungiki vizuri, ule wa goti la kulia."

Hapo akanasa. Watu wote walimwita Ukuta, beki wa kati, nahodha wa klabu kubwa ya mji, mtu ambaye washambuliaji walimwota vibaya. Lakini hakuna aliyekuwa amegundua kwamba goti la kulia linamuuma. Huyu aliliona kutoka juu, nyuma ya kioo.

Akampa nafasi yake kwenye foleni. Fundi akauliza kama nafasi hiyo imetolewa kwa adabu au kwa mapenzi, watu wakacheka, Ukuta akamwambia atengeneze simu. Simu ya mtangazaji ilikuwa imepoteza sauti. Ilipopona, fundi akasema lazima ijaribiwe, apigiwe mtu. Wakatazamana. Ukuta akataja namba yake, na simu yake mwenyewe, iliyopasuka kioo kwa kukanyagwa na kiatu cha njumu, ikalia mfukoni. Wakaongea bega kwa bega, kila mmoja simu sikioni.

"Halo. Unanisikia?"

"Nakusikia kwa masikio yote mawili."

"Basi fundi ametengeneza."

"Bado. Nipigie tena kesho tuhakikishe."

Alipiga kesho, na keshokutwa. Baada ya mazoezi Ukuta alikuwa anakaa ukingoni mwa uwanja, barafu imefungwa gotini, simu imebanwa begani, anacheka peke yake mpaka wenzake wakawa wanapita wakijipiga vifua kama wagonjwa wa moyo. Yeye alimwita Redio. Mwanamke akamwita Kabati langu. Ukuta alipenda jambo moja kuliko yote: kumwomba alitaje jina lake la nyumbani, lile alilopewa na mama yake, bila kipaza sauti. Redio alikuwa anashusha sauti, analitamka polepole, na lile pande la mtu lilikuwa linanyamaza kama mtoto anayekunwa mgongo.

Ukuta alimpeleka kwa dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, ambaye ndiye aliyemlea. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na cherehani katikati. Dada mtu alimkagua mgeni, akamshika pindo la gauni akatazama mshono upande wa ndani, na chai haijapoa akawa ameshamwita wifi. Alimwambia wazi kwamba huyu ndugu yake akikasirika hasemi, ananuna kama mlango, na mke wake itabidi awe mtu wa kugonga mpaka afunguliwe. Redio akasema kugonga si kazi, atatumia kipaza sauti.

Siku hiyo ndipo alipowaeleza kazi yake, maana walidhani mtangazaji anasema la kwake. Hapana. Mle kibandani anavaa vipokea sauti masikioni. Katibu wa klabu amekaa chini kwenye viti vya wakubwa na simu ya waya, anamsemea sikioni neno kwa neno, na yeye anayatoa nje kwa uwanja mzima papo hapo. Sikio linapokea, mdomo unatoa, sikio limeshachukua jingine. Hajui sentensi itaishia wapi mpaka ifike mwisho.

"Kasuku," Ukuta akasema.

"Kasuku mwenye mshahara," Redio akajibu. "Ukianza kufikiria, unakwama. Uwanja unakuzomea."

Wakacheka wote watatu. Laiti wangejua wanachocheka.

Maana wakubwa wa klabu ile walikuwa wakubwa kama wakubwa wengine unaowajua. Wanakaa kivulini, wanapewa maji ya chupa, na kazi inafanywa na mtu mwingine juani. Walikuwa wameukodisha uwanja kwa tamasha la muziki. Jukwaa la mbao likapigiliwa juu ya nyasi, watu wakaruka ruka, chupa zikavunjwa, mbao zikaondolewa. Misumari ikabaki, na hakuna aliyetumwa kuiokota. Asubuhi ya mazoezi winga wa kushoto, kijana mwenye mbio kuliko wote, alikanyaga msumari ukapita soli ya kiatu ukamwingia unyayoni. Katibu alipoambiwa akasema wacheze upande mwingine.

Siku ya mechi, watu wamejaa, wageni wa Mwenyekiti wa klabu wamekaa kwenye viti vya mito, Ukuta alisimama kwenye mdomo wa njia ya kuingilia, mkono mmoja ukutani, timu nzima nyuma yake. Akasema haingii mtu mpaka nyasi zipekuliwe. Katibu akaja mbio na tai yake. Akabembeleza, akatisha. Ukuta akamwambia, "Wewe una viatu vya ngozi. Tangulia, tembea mpaka lango la pili, nasi tutafuata nyayo zako." Katibu hakutangulia. Ikabidi wafagizi waingie na sumaku na ndoo, uwanja mzima unatazama, na ile misumari ilipokuwa inaanguka ndooni ilisikika mpaka kwenye viti vya mito. Mwenyekiti alitabasamu tu. Ogopa mkubwa anayetabasamu huku umemwaibisha.

Wiki iliyofuata Katibu alipanda ngazi mpaka kibandani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu kibanda kijengwe. Akamwambia Redio kwamba Mwenyekiti ametafakari, ameona Ukuta alikuwa na haki. Jumamosi wakati wa mapumziko atapewa heshima mbele ya uwanja wote. Iwe siri. Yeye amfanyie hila kidogo, abaki uwanjani wenzake wakiingia chumbani. Na siku hiyo atie sukari kwenye sauti.

Redio akaamini. Kwa nini asiamini? Mtu mwenye furaha haendi kuipekua mifuko furaha yake. Alishonewa gauni jipya la buluu na wifi yake, akalivaa kwenda kukaa kwenye kibanda ambamo haonekani na mtu. Asubuhi akampigia Kabati lake.

"Mapumziko usiingie chumbani. Baki katikati ya uwanja."

"Kuna nini?"

"Wewe baki. Kwa ajili yangu."

Akabaki. Timu ilikuwa imefungwa mabao mawili na watu wamevimba. Wenzake walipoingia ndani yeye alisimama kwenye duara la katikati, mikono kiunoni, akakitazama kile kioo cheusi akitabasamu. Sauti ikashuka, tamu kuliko siku zote.

"Mabibi na mabwana, naomba tusimame sote kwa ajili ya nahodha wetu, nambari nne, Ukuta." Watu wakasimama. Wakapiga makofi, hata waliokasirika. "Mwana wa klabu hii tangu akiwa kijana mdogo. Mtu aliyetupa jasho lake lote. Ambaye leo, mbele yenu, klabu inatangaza kwamba imemfukuza kwa kuihujumu timu na kuwauza wenzake."

Ndivyo ilivyotoka. Sukari mpaka neno la mwisho. Kasi ya sikio na mdomo haikumpa nafasi ya kumeza, na alipojisikia amesema nini, maneno yalikuwa yameshagonga paa la jukwaa la pili yakarudi. Makofi yakafa. Halafu ikaja zomeazomea, na chupa, na lile tusi ambalo watu elfu wanalitoa kwa pamoja. Walihitaji mtu wa kulaumu kwa mabao yale mawili, na wakubwa wamewapa mtu.

Ukuta hakukimbia. Alikitazama kile kioo kwa muda, kisha akalivua shati lake, akalilaza chini kwenye duara kwa uangalifu kama mtu anayelaza mtoto, akatoka kifua wazi chini ya chupa. Redio alikuwa anashuka ngazi huku gauni limenasa kwenye chuma na kuchanika. Alipofika mlangoni mlinzi alikuwa amepewa amri asimfungulie. Alipofunguliwa, mwanamume alikuwa ameshakwenda.

Alipiga simu mpaka kidole kikauma. Ikapokelewa mara moja tu.

"Uliniambia nibaki."

"Nisikilize, waliniambia..."

"Uliniambia nibaki kwa ajili yako. Nikabaki."

Ikakatwa, na haikulia tena. Alikwenda kwenye nyumba ya vyumba viwili, akasimamishwa mlangoni na dada mtu mwenye sindano mdomoni. Dada alizitoa sindano moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akasema, "Gauni lile nilikushonea mimi. Nilidhani nashona la harusi." Akafunga mlango. Ingekuwa heri angetukana.

Jumatatu Redio akaenda ofisini kwa Katibu akamwekea vile vipokea sauti mezani. Katibu akamwambia asichukulie mambo kibinafsi, kazi ni kazi. Wana maneno yao hawa. Wanakuvunjia nyumba halafu wanakuambia usichukulie kibinafsi.

Hakuna klabu iliyomtaka Ukuta. Mwili ulikuwa bado una misimu, goti lilikuwa bado linavumilia, lakini nani atamsajili mtu aliyetangazwa hadharani kuwa ni mhujumu? Kila alikokwenda wakubwa walikuwa wameshapigiana simu, maana wao wakipatana hawahitaji kikao. Alikaa ndani akawa ananuna kama mlango, vile vile dada yake alivyosema, mpaka dada huyo akachoka, akamtupia viatu vyake nje na kumwambia kwamba nyuma ya kiwanda cha mbao kuna uwanja na kuna watoto wanafukuza mpira kama kuku. Aende akawafukuze vizuri.

Akaenda kwa hasira. Akafundisha kwa hasira. Lakini alifundisha. Uwanja ule ulikuwa na vumbi la mbao mpaka magotini, na kabla ya kila mazoezi yeye mwenyewe alitangulia na sumaku iliyofungwa kwenye kamba, akaukokota mji mzima wa misumari, ndipo akawaruhusu waingie. Mabeki wanne aliwafunga kamba moja kiunoni, mmoja akipanda wote wapande, mmoja akichelewa wote waanguke. Aliwafundisha kutazama kiuno cha mshambuliaji, kwa kuwa miguu inadanganya. Na aliwalazimisha kuongea. Beki asiyesema alitolewa nje. "Mwambie mwenzako kinachomjia," alikuwa anafoka, "usimwachie akione mwenyewe." Wale vijana hawakujua kocha wao anasema na nani.

Wakaanza kushinda. Wakashinda mpaka gari jeusi likaja kusimama kwenye vumbi la mbao. Mwenyekiti alishusha kioo nusu, akasema klabu iko tayari kuwachukua vijana wote kama walivyo, na Ukuta atafutiwa kitu cha kufanya, labda kutunza vifaa. Ukuta akamjibu kwamba vijana hawa wana wazazi na wana kocha, na gari limesimama kwenye eneo la penalti. Kioo kikapanda.

Siku chache baadaye kipa wake aliangukia mkono, akampeleka hospitali kuu. Mnaijua ile benchi. Watu wamekaa tangu asubuhi, mwingine kichwa kimelala begani kwa asiyemjua, huku mkubwa mwenye mafua anapitishwa mlango wa nyuma. Mke wa mtu anaweza kuzimika kwenye benchi ile ameshika kikaratasi chake cha namba mkononi, na daktari mkuu yuko kwenye semina. Basi, wamekaa hapo, spika ya ukutani ikakoroma, na sauti ikasema mgonjwa anayefuata aende chumba cha tatu.

Ukuta akasimama kabla hajajua kwamba amesimama. Redio alikuwa kwenye dirisha la mapokezi, koti jeupe, kipaza sauti kidogo mbele yake, na nywele amezikata.

Redio akamwomba mwenzake amshikie dirisha. Wakasimama kwenye korido, mbele ya stoo ya machela, kijana amepelekwa kupigwa picha ya mkono.

"Goti limezidi," Redio akasema.

"Usilitazame goti langu."

"Nitatazama wapi? Uso umeugeuza."

Akamweleza yote. Katibu kupanda ngazi, heshima, siri, sukari. Alieleza kwa haraka kama mtu anayejua mlango utafungwa. Ukuta akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameukazia macho ukuta.

"Nilikusikia," akasema. "Miaka yote nakusikia, naijua sauti yako ikiwa na usingizi, ikiwa na njaa. Siku ile ilikuwa na furaha. Uliniita mhujumu kwa furaha."

"Sikujua neno linalokuja."

"Na lilipokuja?"

"Lilikuwa limeshatoka. Wewe mpira ukikupita unaweza kuurudisha?"

"Mpira nakimbia nao. Naanguka, navunjika, lakini nakimbia nao. Wewe kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi mbele yako. Ungesema jambo. Ungesema si kweli. Maneno mawili tu, si kweli, yangenitosha mimi maisha yangu yote. Ulinyamaza ukaanza kutafuta ngazi."

Hilo Redio hakuwa amelifikiria. Siku zote alizolia alikuwa akilia alichokisema. Hakuwahi kukilia alichokiacha.

"Sikio walikuwa nalo wao," Ukuta akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Mdomo ni wako."

Akaenda kumchukua kijana wake. Mwanamke akarudi dirishani, akaita mgonjwa anayefuata, na watu wa benchi wakainua vichwa kwa jinsi sauti ilivyokuwa inatetemeka.

Fainali ya kombe la vijana ilipangwa kwenye uwanja mkubwa. Mgeni rasmi alikuwa anakuja, na mtangazaji mpya wa klabu alikuwa anasoma kama mtu anayetafuna. Katibu akaja mpaka dirisha la hospitali, akapitia mlango wa nyuma bila shaka, akamwomba Redio awasaidie siku moja tu, ya zamani yasahauliwe. Redio alikuwa anataka kumtupia kalamu. Halafu akauliza ni timu gani zimeingia fainali. Alipoambiwa, akasema atakuja.

Alivaa lile gauni la buluu. Palipochanika alipashona mwenyewe, mshono mbaya, mweupe kama kovu. Akapanda ngazi, akavaa vipokea sauti, akafungua kidirisha cha pembeni apate hewa. Chini, Ukuta alikuwa ameshika ubao wake kando ya benchi, suti ya michezo ya kijani aliyoshonewa na dada yake. Ilipolia ile sauti ya kwanza kutoka juu, ikikaribisha watu, alisimama wima, kisha akageuza mgongo wake wote kukielekea kile kibanda. Alikaa hivyo mchezo mzima.

Vijana wa vumbi la mbao walicheza kama watu wanaodaiwa roho. Mabeki wanne walipanda na kushuka kana kwamba ile kamba bado iko viunoni, wakifokeana mpaka jukwaani. Bao moja, la kichwa, likatosha. Filimbi ilipopulizwa, wazazi wakaanza kuruka uzio.

Hapo sikio la Redio likakoroma. Katibu alikuwa na haraka, Mwenyekiti yuko pembeni anasikika akikohoa. Watu wanne walikuwa wameshaanza kuteremka uwanjani na mabunda ya jezi mpya za klabu, wawavike vijana mbele ya mgeni rasmi na wapiga picha. Sema, Katibu akaamuru. Mabibi na mabwana, klabu inayo furaha kuwatangazia kwamba mabingwa hawa kuanzia leo ni vijana wetu, na kocha wao ameomba mwenyewe kupumzika.

Mdomo ukafunguka kwa mazoea. "Mabibi na mabwana," ukasema. Halafu ukasimama. Uwanja ukangoja. Sikioni Katibu akarudia, kwa ukali zaidi, na Redio akashusha pumzi ikasikika kwenye spika zote.

"Mabibi na mabwana, Katibu ananiambia sikioni niseme kwamba vijana hawa ni wa klabu kuanzia leo, na kwamba kocha wao ameomba kupumzika. Mwenyekiti amekaa kando yake. Mimi narudia tu, ndiyo kazi yangu. Kocha, si yupo hapo? Mnaweza kumuuliza kama ameomba."

Vichwa vyote vikageukia viti vya mito. Katibu alikuwa ameshika simu ya waya mkononi, hana pa kuiweka. Sasa alikuwa anapiga kelele sikioni, funga, funga hiyo.

"Sasa ananiambia nifunge," Redio akasema. "Na siku ile nilipomtangaza nambari nne kuwa mhujumu, alikuwa sikioni mwangu vile vile. Si kweli. Hakuihujumu timu. Alikataa tu wenzake wakanyage misumari. Si kweli, na nilitakiwa kusema siku ile ile, na siku..."

Wakakata umeme wa kibanda.

Wale watu wanne wa jezi walikuwa wamefika karibu na vijana. Beki wa kulia, mdogo kuliko wote, akapiga ukelele mmoja, pandeni, na wale mabeki wanne wakajipanga mbele ya wenzao wakapiga hatua mbele pamoja. Wenye jezi wakarudi nyuma. Wakapiga hatua nyingine. Nyuma yao wazazi walikuwa wameshajaa, na dada mtu yumo, mkasi wa kazini mkononi, hakumbuki hata kwa nini alitoka nao nyumbani. Jezi zikarudi zilikotoka.

Ukuta alikuwa ameshageuka. Alikitazama kile kibanda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwona mtu ndani yake, maana Redio alikuwa ametoa kichwa na mabega kwenye kidirisha cha pembeni, gauni la buluu linapepea, anapiga kelele. Bila kipaza sauti haikufika kitu. Mdomo ulikuwa unakwenda tu. Lakini neno lenyewe lilikuwa fupi na analirudia rudia, na mtu aliyelizoea aliweza kulisoma kutoka mbali. Lilikuwa jina lake la nyumbani.

Alipanda jukwaa akiruka viti, goti linalia. Alifika chini ya ngazi naye anashuka, na walinzi, ambao nao ni watoto wa watu, wakaona ni vizuri watazame kwingine.

"Umechelewa," akamwambia, anahema.

"Najua. Mpira ulinipita. Nimekimbia nao."

"Umeanguka vibaya sana."

"Kabati langu, tazama goti lako kwanza."

Akakaa chini kwenye ngazi kwa sababu goti lilikuwa limekataa. Alikuwa bado na hasira, wala tusidanganyane. Wala hazikwisha siku ile, na hazipaswi kuisha, maana Mwenyekiti mpaka leo ni Mwenyekiti. Alisema kulikuwa na hitilafu ya mitambo, akaunda kamati, kamati ikala chakula. Ile timu ya vijana ikafungiwa kuukanyaga uwanja mkubwa, ikarudi kwenye vumbi lake la mbao, na wiki iliyofuata kulikuwa na wazazi wanne wanakokota sumaku pamoja na kocha. Lakini hasira za mwanamume yule zilikuwa zimepata pa kwenda. Hazikumwelekea tena mwanamke. Mtu aliyefiwa akabaki na kikombe kimoja mezani anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani, kuwa na muda wa kuyamaliza mngali wote mko hai.

Dada mtu alikuwa amefika, na nusu ya vijana nyuma yake, jasho tupu. Alilishika lile gauni akautazama mshono mweupe.

"Huu upuuzi nani kashona?"

"Mimi, wifi."

"Inaonekana. Utalileta nyumbani nilifumue."

Ukuta akamwomba dada yake anyamaze kidogo, ombi ambalo hakuwa amelitoa tangu utotoni. Akamtazama Redio.

"Nataka kukuuliza jambo."

"Uliza. Lakini kwa sauti. Sitaki tena mtu aninong'oneze."

Akauliza kwa sauti, kama mtu anayeita mabeki wapande, mpaka wafagizi waliokuwa wanaokota chupa upande wa pili wakainuka. Kama atakubali kuwa mke wake, katika vyumba viwili vyenye cherehani, na kocha asiye na uwanja.

Vipokea sauti vilikuwa bado vimemning'inia Redio shingoni, waya umekatika unaburuta kwenye ngazi. Akavivua, akaviweka chini taratibu, akahakikisha hakuna kitu masikioni mwake.

"Ndiyo," akasema. "Na hilo ni langu mwenyewe."